Mlango Safi wa Sista Phyllis

Kioko alikuwa haris wa jengo la ghorofa saba huko Al Mansoura. Haris ndivyo watu wa Doha wanavyomwita mlinzi wa jengo, yule anayekaa kwenye meza pale chini, anayeitwa bomba likivuja na lifti ikikwama. Kwao ni Mwingi, nchini Kenya. Alikuwa amekaa Qatar miaka sita, na muda wote huo binti yake Mumbua alikuwa akikua ndani ya picha za simu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kazi akishapewa aliifanya mpaka iishe, hata kama aliyempa ameshaisahau.

Kilichomsumbua pale hakikuwa wezi wala wapangaji. Zilikuwa karatasi. Kila siku menyu za mikahawa ya biriani zilichomekwa kwenye vitasa, vitabu vya ofa vya supamaketi vikaachwa vizingitini, na vikadi vya masaji vyenye picha za wanawake wanaocheka vikasukumwa chini ya milango. Kulikuwa na za kuosha makochi, za kuua kunguni, za kuhamisha mizigo. Wapangaji walizikanyaga au wakazisukuma kwa mguu hadi mlangoni kwa jirani. Kufika jioni, korido ya kila ghorofa ilifanana na uwanja uliotoka kufanyiwa mkutano wa siasa, na mwenye kuinama kuokota alikuwa Kioko.

Ghorofa ya nne, fleti ya mwisho, alikaa nesi mmoja kutoka Vihiga aliyeitwa Phyllis. Alikaa peke yake. Usiku alikwenda Al Thumama kumwangalia bibi mgonjwa katika nyumba ya familia moja, na asubuhi alirudi wakati Kioko ndiyo kwanza anapokea zamu. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, mwenye kutembea polepole kwa sababu ya miguu kuvimba. Alimwita Kioko Baba Mumbua, kwa kuwa siku ya kwanza kabisa alimuuliza habari za watoto kabla ya kumuuliza jina. Kioko naye alimwita Sista, kama wauguzi wanavyoitwa nyumbani. Mara nyingi Phyllis alimletea chapati alizofunga kwenye karatasi ya jikoni, akamwachia mezani bila kusimama, maana usingizi ulikuwa umemlemea.

Asubuhi moja alisimama. Macho yalikuwa mekundu. Akamwambia Kioko kwamba jana yake watu wa karatasi walibonyeza kengele yake mara tatu, na wa mwisho alipofunguliwa alimpa menyu na kumtakia siku njema.

"Mimi mchana ndio usiku wangu, Baba Mumbua," alisema. "Mtu akinibonyezea kengele saa sita mchana ni kama wewe uamshwe saa sita za usiku uambiwe kuku wameshuka bei."

Kioko alicheka, lakini Phyllis hakuwa akifanya mzaha. Alieleza kwamba rafiki yake mmoja aliwahi kurudi kutoka likizo akakuta mlango umevunjwa. Karatasi zilikuwa zimejaa kizingitini, na mtu yeyote aliyepita aliweza kuona kwamba mwenye nyumba hayupo. Akasema karatasi zile si uchafu tu. Zinatangaza mambo ya mtu.

Basi wakashirikiana. Phyllis alisema hakuna haja ya kugombana na wanaotembeza, maana wametumwa, na waliowatuma wameandika namba zao za simu wenyewe. Siku zake za mapumziko alishuka na chai yake, akaketi kando ya meza ya Kioko, akawapigia mmoja mmoja. Aliongea Kiingereza cha hospitalini, cha upole usiokubali kukataliwa. Alitaja jengo, akaomba liondolewe kwenye mizunguko yao, akashukuru. Wengine waliahidi. Wengine walimkatia simu, naye alipiga tena kesho yake kwa sauti ileile.

Kioko kwa upande wake alimwendea meneja wa jengo, akapata ruhusa ya kubandika tangazo mlangoni kwa Kiarabu na Kiingereza kwamba matangazo hayapelekwi ghorofani. Akatengeneza rafu ndogo pale chini: mwenye karatasi zake aziache hapo, na mpangaji anayetaka ofa achukue mwenyewe. Wapangaji walioomba walipewa vibandiko vya mlangoni vya kukataa matangazo. Mlango wa maegesho ya chini, ambao madereva walizoea kuuacha wazi kwa kuubana na kipande cha boksi, aliuwekea komeo. Na karatasi yoyote iliyopenya aliiokota, maana alipita kila ghorofa asubuhi na alasiri.

Baada ya miezi michache korido zilikuwa tupu. Meneja, ambaye kwa kawaida alikuja kulaumu, alipiga picha na kumtumia mwenye jengo. Kioko alimsimulia mkewe kwa simu. Alikuwa amelinda milango miaka yote hiyo na hakuna aliyewahi kupiga picha kazi yake.

Mmoja tu hakukoma. Alikuwa Mganda kijana aitwaye Ronny, mrefu, mwenye mkoba wa turubai begani, aliyegawa menyu za mkahawa mmoja wa mtaa wa pili. Aliletwa Doha na wakala aliyemwahidi kazi ya ulinzi. Alipofika, kazi haikuwepo. Sasa alilipwa kwa kutembea, na tajiri wake alimtaka awe anapiga picha kila mlango aliouwekea menyu, ili asizitupe jalalani. Kwa hiyo rafu ya chini haikumfaa. Alisubiri gari liingie maegesho, akajipenyeza nyuma yake. Kioko alimfukuza mara kadhaa, kwanza kwa maneno ya kawaida, halafu kwa ukali. Phyllis aliposikia alimwonea huruma. Alisema amwache kijana aweke menyu kwenye mlango mmoja tu wa kila ghorofa, apige picha yake, aende. Kioko alikataa. Akiruhusiwa mmoja, alisema, kesho watarudi wote.

Mwezi wa Juni, joto lilipokuwa limeanza kuuma, Phyllis akapata likizo. Alikuwa hajaenda nyumbani miaka miwili. Ndege yake ilikuwa ya Alhamisi usiku. Jumatano alishuka kumuaga Kioko mapema, kwa sababu zamu ya Kioko huisha jioni na alijua hawataonana. Alikuwa mchangamfu, ingawa alilalamika kwamba kichwa kinamuuma tangu juzi na kwamba amechoka kufunga mizigo. Alimwomba jambo moja.

"Niangalizie mlango. Usiache karatasi zikae pale watu wakajua sipo."

Kioko akamwambia aende kwa amani, hakuna karatasi itakayolala mlangoni kwake.

Ijumaa asubuhi alipofika, alimuuliza mlinzi wa usiku, Mwaura, kama Sista aliondoka salama. Mwaura alijibu kwamba usiku huo watu wengi walitoka na mabegi, shule zilikuwa zimefungwa na familia zilikuwa zikisafiri, na teksi zilipishana mlangoni. Bila shaka naye alikuwamo. Kioko aliridhika. Akapanda ghorofani kwa mzunguko wake wa asubuhi, akakuta korido ya nne ni safi, akashuka.

Alasiri, watu wakiwa wametoka kwenye swala ya Ijumaa na jengo limetulia, alipanda tena. Kwenye kitasa cha Phyllis palikuwa na menyu. Aliichomoa kwa hasira. Alisimama pale mlangoni kitambo kidogo, akaona hewa baridi inatoka chini ya mlango na kumpiga vidoleni kupitia viatu vya wazi. Hakulifikiria jambo hilo. Alichofikiria ni kwamba Ronny bado yumo ndani ya jengo.

Alimkuta akishuka ngazi kati ya ghorofa ya tatu na ya pili. Alimnyang'anya mkoba, akamshika shati, akamshusha hadi chini. Ronny hakupigana. Alijaribu tu kusema kitu, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kwenye kambi za wafanyakazi: kwamba kule juu, mlango wa mwisho, simu ilikuwa inalia ndani, inanyamaza, inalia tena. Kioko alimwambia simu za watu si kazi yake. Alidhani kijana anatafuta sababu ya kuonekana kwamba alipanda kwa nia njema. Akaumwaga mkoba wote ndani ya pipa la taka lililoko kando ya jengo, akamrudishia ukiwa mtupu. Ronny aliangalia menyu zikizama kwenye maganda na mifuko, akaukunja mkoba, akaondoka kwenye jua.

Usiku huo kambini Kioko alilala vizuri.

Jumamosi kabla ya adhuhuri Ronny alirudi. Hakuwa na mkoba. Alisimama nje ya mlango wa kioo, mikono ikionekana wazi, kama mtu anayeogopa kudhaniwa vibaya. Kioko alimwashiria aondoke. Hakuondoka. Mwishowe Kioko alitoka, na ule moto wa nje ukamkumba usoni.

"Bosi, sikuja na karatasi," Ronny alisema. "Nauliza tu. Mwenye ule mlango yuko wapi?"

"Amesafiri."

"Basi simu ni ya nani? Mtu anayesafiri haachi simu."

Kioko alikumbuka hewa ile baridi. Phyllis hakuwahi kuacha kiyoyozi kikifanya kazi hata anapokwenda dukani. Aliwasema sana wapangaji wanaofanya hivyo. Aliitoa simu yake mfukoni akampigia. Sauti ya mashine ikamwambia namba haipatikani. Aliiacha meza, jambo ambalo alikatazwa kabisa, akapanda kwa ngazi bila kungoja lifti, na Ronny akamfuata.

Alibonyeza kengele. Akagonga. Akaita jina lake, kwanza kwa adabu, halafu kwa nguvu. Ndani kulikuwa na mvumo wa kiyoyozi tu. Ronny alilala kifudifudi sakafuni, akaweka jicho kwenye mwanya wa chini. Taa inawaka, alisema. Halafu akategesha sikio, akasema kuna mtu anapumua.

Kioko alimpigia meneja amletee ufunguo wa akiba. Meneja alikuwa mezani na familia yake. Alisema hawezi kufungua nyumba ya mwanamke kwa sababu haris amehisi ubaridi miguuni, na kwamba kesho Jumapili, wiki ya kazi ya Qatar ikianza, watamtafuta mwajiri wake. Kioko alikata simu meneja akiwa bado anaongea, kitu ambacho hakuwahi kukifanya kwa mkubwa yeyote, akapiga namba ya dharura. Wakati gari la wagonjwa linakuja, meneja naye alipigiwa na polisi, akafika na ufunguo mkononi, jasho linamtoka.

Phyllis alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na begi lake la safari. Begi lilikuwa limefungwa, limesimama wima, na kanzu ya kusafiria ilikuwa imetandikwa juu yake. Yeye alikuwa amevaa gauni la ndani na kiatu kimoja. Upande mmoja wa uso ulikuwa umelegea. Midomo ilikuwa imekauka mpaka imepasuka. Lakini macho yalikuwa wazi, na yalipomwona Kioko mlangoni yalimtambua. Alijaribu kusema. Ilitoka sauti tu, kama ya mtu anayeongea akiwa amefunikwa blanketi. Kioko alivua koti lake la kazi akamfunika miguu, kwa kuwa hakujua kingine cha kufanya, na wahudumu wakamwambia apishe.

Kilikuwa kiharusi. Kilimpata Alhamisi mchana alipokuwa akijiandaa. Kule nyumbani dada yake Velma alikwenda kumpokea uwanja wa ndege Ijumaa asubuhi na gari la kukodi na watoto wawili. Abiria wakatoka wakaisha. Alipiga simu siku nzima. Alipiga hata kwa mwajiri, akaambiwa Phyllis yuko likizo tangu Alhamisi. Jibu lilikuwa la kweli, na halikumsaidia.

Siku yake ya mapumziko Kioko alipanda basi kwenda hospitali. Alimkuta Phyllis ameegemezwa mito, mkono wa kulia umelala juu ya shuka kama kitu cha mtu mwingine. Muuguzi wa zamu, Mkenya mwenzao, alisema anasikia kila kitu lakini maneno hayamtoki, na huenda yasirudi. Kioko aliuliza kama angeletwa mapema ingekuwaje. Muuguzi aliangalia chati kabla ya kujibu. Alisema ugonjwa huu saa za mwanzo ndizo zenye maana, na hata siku moja ina tofauti yake. Hakujua anamwambia nani.

Kisha simu ya muuguzi ikaita, ni Velma, anapiga video kama alivyofanya kila siku. Muuguzi akamwambia yupo haris aliyemtafuta dada yake. Velma akaomba aongee naye. Alikuwa na sura ya Phyllis, ila nyembamba. Alimshukuru kwanza, akamwombea baraka. Halafu akauliza lililomkaa moyoni.

"Kaka, nani alikwambia ametoka? Ulimwona?"

Kioko angeweza kumtaja Mwaura. Alisema hapana, hakumwona, na hakuna aliyemwona. Akaeleza kuhusu karatasi: kwamba aliahidi kuuweka mlango safi, na akauweka safi, kwamba menyu ya Ijumaa aliichomoa yeye mwenyewe akiwa amesimama hatua chache kutoka alipolala Phyllis, kwamba kuna kijana aliyesikia simu akamwambia, naye hakumsikiliza, akamfukuza. Alisema yote hayo mbele ya Phyllis, kwa sauti ndogo, akiangalia simu ili asiangalie kitanda.



"Mimi nilikuwa mbali," Velma alisema. "Wewe ulikuwa pale."

Hakusema kwa ukali. Akamwomba amrudishie muuguzi simu.

Kioko alipogeuka kuaga, Phyllis alikuwa anamtazama. Machozi yalimtoka jicho moja, lile la upande mzima, na mkono wa kushoto ukajikokota juu ya shuka kuelekea kwake. Aliushika. Hakujua kama anamsamehe, au anamlaumu, au anataka tu maji. Alimpa maji.

Alijaribu kumtafuta Ronny pia. Alikwenda kwenye mkahawa ule wa menyu. Tajiri alimwambia kijana alirudi Ijumaa bila karatasi na bila picha za milango, akafukuzwa hapohapo. Mpishi mmoja alisikia kwamba ameenda Al Wakrah kutafuta kazi bandarini. Kioko alikwenda Al Wakrah siku yake ya mapumziko iliyofuata, akauliza kwa Waganda waliokuwa wakiosha magari karibu na bandari, akauliza msikitini na kwenye duka la simu. Waliwajua akina Ronny wengine wawili, lakini si huyu. Alinunua maji, akakaa kivulini mpaka basi likaja.

Phyllis alisafirishwa kwenda nyumbani mwezi wa Agosti, akiwa amelazwa kwenye viti vya ndege, muuguzi kando yake. Fleti ikapata mpangaji mwingine, mwanamume wa kampuni ya kompyuta, ambaye hakuwahi kumsalimia Kioko. Meneja hakumuadhibu mtu. Alisema tu kwamba jambo limeisha vizuri kwa kadiri lilivyoweza, na kwamba korido ziendelee kuwa vile. Kioko aliendelea kuokota. Ila sasa, kila alipoinama mlangoni, aligonga. Wapangaji walianza kulalamika kwamba haris anawasumbua, anagonga bila sababu, na mmoja alimwandikia meneja. Kioko akaonywa. Akapunguza kugonga, akawa anasimama tu mlangoni na kusikiliza, mpaka hilo nalo likalalamikiwa, na mwaka ulipogeuka kampuni ikamhamishia kwenye ghala nje ya mji, mahali pasipo na mtu wa kumgongea.

Huko ghalani, siku moja, Velma alimtumia ujumbe wa sauti. Alikuwa hajawahi kumtafuta tangu siku ile ya hospitali. Alisema Phyllis anakaa kibarazani sasa, anakula mwenyewe kwa mkono wa kushoto, na kwamba kuna neno amekuwa akilirudia tangu asubuhi, akionyesha simu, mpaka wakaelewa anataka limfikie Kioko. Basi wamemrekodi. Ikafuata sauti ya Phyllis. Ilikuwa nzito, ya kujikongoja, ikapanda na kushuka kama swali, ikakatika, ikaanza upya, na nyuma yake kuku wakilia.

Kioko aliisikiliza mara nyingi. Aliisogeza sikioni, akatoka nje ya ghala penye utulivu, akaisikiliza tena. Wakati mwingine ilikuwa kama jina la Mumbua. Wakati mwingine ilikuwa kama mlango. Mwishowe alimwandikia Velma kwamba amefurahi kuisikia sauti ya Sista, ila hajashika alichosema, amsaidie.

Jibu lilikuja jioni.

"Hata sisi hatujui, kaka. Tulidhani wewe utaelewa."